Vioo vya Ukoo wa Bibi Anastasia

Hosiana alikuwa akinyoa uzi wa glasi kwa wembe. Chai yake ya tangawizi ilikuwa mbali, kwenye kizingiti cha dirisha, kwa sababu maabara haziruhusu chai mezani. Uzi ulikuwa mwembamba kama unywele, wa aina ileile inayoleta intaneti Morogoro kutoka Dar es Salaam, na ulikuja umevikwa koti la plastiki ambalo lazima liondolewe kabla ya kazi nyingine yoyote. Nje ya dirisha milima ya Uluguru ilikuwa imefungwa ukungu kiunoni. Alimaliza kunyoa ncha, akaitumbukiza kwenye tindikali, kisha akaifuata chai yake.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Glasi ikisafishwa kwa tindikali uso wake unabaki uchi, na glasi iliyo uchi ina njaa, inataka kushika kitu. Ukiipa dawa fulani ya majimaji inaishika isiiachie tena, na juu ya dawa hiyo unaweza kupandikiza rangi inayopenda kitu kimoja tu duniani. Rangi ya Hosiana ilipenda madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari. Uzi ukizamishwa kwenye maji yenye risasi, mwanga unaopita ndani yake ungerudi umegeuka buluu. Hatua ya mwisho ni kufunga: sehemu zote za uso zilizobaki wazi zinazibwa kwa dawa nyingine, ili uzi usije ukashika mambo yasiyouhusu. Miaka yote Hosiana aliwaambia wanafunzi wake kwamba atakayeruka hatua ya kufunga asimtafute mtu wa kumlaumu.

Uzi huu hakuutengeneza kwa ajili ya wanafunzi. Huko juu Lugongo, mtoto wa Josephina, mdogo wake, alikuwa anapoteza maneno. Aliitwa Mwaisha, na alipokuwa na miaka mitano alikuwa msemaji kiasi kwamba majirani walimtania kuwa atakuwa diwani. Sasa yuko darasa la kwanza, na maneno yanamdondoka. Lilianza neno kijiko, likafuata mbuzi, kisha jina la mwalimu wake. Hospitalini walipima damu wakakuta risasi, wakamwambia Josephina amtoe mtoto kwenye hiyo risasi, basi, kana kwamba ni nguo ya kuvua.

Risasi ilikotoka hakuna asiyekujua. Juu ya chemchemi ya Lugongo kuna ghala la zamani lililojengwa enzi za kuchimba madini ya ulanga, na ndani ya ghala hilo kampuni moja ilikuwa imeweka tanuru la kuyeyushia betri kuukuu. Malori yalipanda na betri yakashuka na vipande vya risasi, na majivu yakamwagwa kwenye korongo linaloangukia chemchemi. Mjini wangepigiwa kelele siku ya kwanza, ndiyo maana walikuja mlimani. Wakaguzi walikuja pia, lakini walikuja baada ya kupiga simu, na siku ya ukaguzi tanuru lilikuwa baridi, yamefagiliwa hadi mapito ya kuku. Ofisi ya mazingira ikasema inataka kipimo kisicholala, cha mchana na usiku. Ilisema hivyo ikijua kwamba hakipo.

Hosiana aliomba amchukue Mwaisha akae naye mjini. Josephina, aliyekuwa na mimba ya pili, alimjibu akiwa anapalilia maharage, wala hakuinua uso.

"Dada, sisi tupo hapa tangu bibi yake bibi. Ahame aliyekuja."

Hosiana mwenyewe alishuka kwenda kusoma kabla tanuru halijawashwa, na kila alipopanda kuwasalimia alibeba chupa yake ya maji kutoka mjini. Ndugu zake walijifanya hawaioni ile chupa.

Basi akautengeneza uzi. Aliusuuza kwa maji ya betri aliyoyanunua duka la vipuri, kwa kuwa mtambo wa maabara wa kutonesha maji safi ulikuwa umekufa, na hakuwa na nafasi ya kucheka kwa hilo. Dawa ya kufungia akaiweka kwenye chupa ndogo ndani ya mkoba, kwa sababu ilipaswa kupakwa mwishoni kabisa, hapohapo kwenye maji. Akapanda pikipiki hadi barabara ilipokomea, akamalizia kwa miguu kupitia matuta ya mboga.

Lugongo ina taratibu zake. Kitu kipya hakiingii kwenye chemchemi, kiwe ndoo au bomba au mfuko wa saruji, mpaka mama mkubwa wa lukolo, ukoo wa upande wa mama ambao ndio ukoo hasa kwa Waluguru, ajaze maji mdomoni, akipulizie kile kitu, kisha ayataje majina ya mama zao wote kurudi nyuma hadi wa kwanza. Hosiana alipofika, Bibi Anastasia, ndiye mama mkubwa huyo, alikuwa tayari amesimama kwenye jiwe, mashavu yamejaa maji. Mtu aliyejaza maji mdomoni kwa kazi ile hasemeshwi. Hosiana alikuwa ameshika uzi mkono wa kulia na ile chupa ndogo mkono wa kushoto, na kifuniko cha chupa alikuwa hajakifungua. Alijua uso wa uzi uko wazi, na alijua kitakachotokea. Lakini huyu ni bibi yake, na mbele ya watu huwezi kumwambia bibi yako asubiri, ateme.

Bibi akapulizia. Akataja majina polepole, moja baada ya jingine, na uzi ukayapokea kama ulivyopokea maji na mate. Kisha akauchukua kwa mkono wake mwenyewe akauzamisha. Hosiana akarudisha chupa mkobani.

Uzi ule ulipitishwa kwenye miti hadi mnara wa simu ulio juu ya shule, ukaungwa na mkongo wa intaneti unaoshuka mjini, na ncha yake ya pili ikafika mezani kwa Hosiana. Jumatatu asubuhi aliwasha taa, akasubiri, mwanga ukarudi wa buluu. Akasema alhamdulillahi, ingawa yeye ni Mkatoliki, akaanza kuandika ripoti.

Kabla ya saa nne Josephina alipiga simu kuuliza kama ile buluu inatoka kwa sabuni. Hosiana akauliza buluu gani. Josephina akasema ya kwenye glasi za chai, na kwenye luva za dirisha, na kwenye kioo cha chemli. Hosiana alifikiri kidogo akasema haitatoka. Josephina akasema basi, akaendelea na habari za maharage, kwamba yameingiwa na wadudu.

Wiki hiyo kila kioo cha ukoo uliotajwa pale kwenye jiwe kiligeuka. Kwenye nyumba ambayo mke ni wa ukoo na mume ametoka kwingine, simu ya mume ilibaki nyeupe na ya mke ikawa ya buluu, na vioo vilivyo karibu na watoto vikawa buluu zaidi, kwa kuwa watoto ni wa upande wa mama. Vijana walisema simu zimekula buluu, wakaendelea kuzitumia. Rangi ilifuata damu: mwenye risasi kidogo kioo chake kilikuwa kama mbingu ya asubuhi, mwenye nyingi kilikoza. Glasi aliyonywea Mwaisha ilikuwa kama ile buluu ya kufulia mashati ya shule. Akiiweka chini inapauka, akiishika inakoza tena. Wanawake waliliona jambo hilo kuwa na manufaa. Mtu akitaka kujua hali ya mtoto wake, alimshikisha chupa ya soda akaitazama kwenye jua, kisha akaenda shambani.

Josephina alipojifungua, mkunga wa kijiji alisogeza chupa ya dawa karibu na kichanga kabla hata hakijanyonya. Chupa ikawa buluu. Mkunga akaifuta kwa kitambaa, akairudisha kwenye kisanduku chake. Hosiana aliposimuliwa hilo alikwenda nyuma ya maabara, mahali wanapotupa vyombo vilivyovunjika, akavunja chupa zote zilizokuwa nzima. Ilimchukua muda mrefu, na hakujisikia nafuu.

Mjini kulikuwa na duka la miwani na vioo vya madirisha la Yogesh, mtu mwenye kusema pole hata kwa mteja anayempunja. Hosiana alipopita kukaza skrubu za miwani yake, Yogesh alimwonyesha sanduku lililojaa lenzi za buluu.

"Dada Hosiana, glasi yangu haina kosa," alisema. "Nimemuuzia Raphael lenzi mpya, zikageuka zikiwa bado usoni kwake. Nikampa nyingine, vilevile. Mwishowe akataka za plastiki."

Raphael alikuwa afisa aliyekabidhiwa mambo ya mazingira, ndiye aliyekuwa akipiga simu kabla ya ukaguzi. Mama yake na mama yake Hosiana walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo kwa desturi ni kaka yake. Kila Jumapili Raphael alipanda Lugongo kumwona mama yake, akala ugali wa mama yake, akanywa maji ya mama yake. Kioo cha gari lake la ofisi kilikuwa kimewekewa karatasi nyeusi, na watu walidhani ni cheo. Hosiana aliitazama miwani yake mwenyewe kwenye kiganja cha Yogesh. Ilikuwa nyeupe kabisa, safi. Aliona aibu, akailipia ile kazi ya skrubu akaondoka haraka.

Mkutano uliitishwa asubuhi kwenye uwanja wa shule. Raphael alikaa meza kuu akiwa na miwani ya plastiki, kando yake meneja wa kampuni, mtu mpole mwenye kofia ya jua, na nyuma yao madirisha ya darasa la kwanza yalikuwa ya buluu kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna aliyeyatazama. Watoto walikuwa wamekaa chini mbele, kwa hiyo yaliendelea kukoza.

Raphael alizungumza vizuri, alikuwa na kipaji hicho tangu utoto. Alisema serikali inathamini utafiti. Alisema hata hivyo kifaa cha Dokta Hosiana kimebainika kuchafuliwa kwa mate ya binadamu, na hatua ya mwisho ya kitaalamu haikufanyika, na kifaa kilichochafuliwa hakiwezi kufunga kiwanda chenye ajira za watu. Hosiana alisimama. Alitaka kusema ni uongo, lakini kuhusu mate haukuwa uongo. Alisema uzi umeona kilichomo kwenye maji na umeona zaidi, umeona kilichomo ndani ya watu, na kama mtu anataka uthibitisho ageuke tu atazame dirisha lililo nyuma yake.

Meza kuu haikugeuka. Raphael alisema masuala ya rangi ni ya mtazamo, kila mtu na jicho lake, na ili haki itendeke wataulizwa watoto, kwa kuwa watoto hawana siasa. Akamwita Mwaisha. Alimjua, ni mtoto wa dada yake, alimbeba siku ya ubatizo wake. Alichukua glasi iliyokuwa mezani, akampa mtoto aishike, na glasi ikakoza mikononi mwa mtoto hadi vidole havikuonekana ng'ambo.

"Mwaisha, waambie wakubwa. Hii ni rangi gani?"

Mwaisha aliitazama glasi kwa muda. Alijua rangi zote alipokuwa na miaka minne, aliziimba. Midomo yake ilijipanga kama mtu anayetaka kusema, ikakaa hivyo. Akamtafuta mama yake kwa macho, kisha akamtafuta Hosiana. Josephina alifumba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja ili asimsaidie, kwa sababu Raphael alishasema mtoto asisaidiwe. Mtoto akaweka glasi mezani taratibu, asiiangushe, akarudi kukaa.

Raphael akamwambia karani aandike kwamba mtoto hakuona rangi.

Bibi Anastasia alikuwa amekalia kigoda chini ya ukingo wa paa, na hakuinuka.

"Raphael," alisema, "vua hiyo miwani, vaa ile ya mwanzo."

"Bibi, shikamoo," alisema Raphael, akaendelea na ajenda iliyofuata.

Ajenda iliyofuata ilikuwa zawadi. Meneja alivua kofia akasema kampuni ni jirani mwema, imesikia malalamiko ya vioo, na haitawaacha wananchi na usumbufu huo. Wakashusha kutoka kwenye lori maboksi ya vikombe vya plastiki vyenye nembo ya kampuni, na karatasi za plastiki ngumu za kuziba madirisha, na chupa za plastiki za kunyonyeshea. Makofi yalipigwa, kwa kuwa mtu aliyesafiri na mzigo hupigiwa makofi. Hosiana naye aliona mikono yake inagongana. Akaitenganisha akaiweka kwapani, akakaa hivyo mpaka mwisho.

Kazi ya kubadilisha ilikwenda haraka kuliko kazi yoyote Lugongo iliyowahi kuona. Luva ziling'olewa, glasi zikakusanywa majumbani, vioo vya kujitazamia vikatolewa ukutani. Yote yalipakiwa kwenye malori yaliyokuwa yakipanda na betri. Shule ikapata madirisha ya plastiki ambayo hayafunguki. Ofisi ikatoa taarifa kwamba tatizo la Lugongo limetatuliwa, ikaambatanisha picha za kabla na baada. Kutoka kwenye ghala moshi wa tanuru uliendelea kupanda, sasa na mchana pia, kwani hapakuwa tena na ukaguzi wa kulizimia.

Uzi wenyewe haukuguswa. Hakuna aliyekumbuka kwamba ni glasi. Hosiana aliendelea kuwasha taa kila asubuhi, mwanga ukaendelea kurudi wa buluu, naye akaendelea kupeleka ripoti mahali zinapopelekwa. Wakati mwingine alizijibu mwenyewe, kwa sauti, maabara ikiwa tupu, na majibu yake hayakuwa ya heshima.

Mvua za vuli zilipoanza alipanda Lugongo. Josephina alikuwa bondeni na kichanga mgongoni, akipanda kabichi. Mwaisha alikuwa peke yake barazani. Alimwona Hosiana tangu kwenye kona ya migomba, akasimama, akatabasamu, na Hosiana akangoja kuitwa mamkubwa kama alivyozoea kuitwa tangu njiani. Mtoto alifungua mdomo akaufunga. Jina lilikuwa limeshaondoka. Hosiana alimsogelea akamshika kichwa, akasema yeye ni mamkubwa. Mwaisha akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu uliyetambulishwa kwake sasa hivi.

Kisha akaingia ndani akatoka na maji. Mgeni hupewa maji, hilo halikuwa limemtoka. Alikuwa ameyachota kwenye mtungi akayaweka kwenye kikombe cha plastiki chenye nembo, akapiga goti kidogo, akakitoa kwa mikono yote miwili.

"Karibu," alisema. Lilitoka zima.

Chupa ya maji ya mjini ilikuwa mkobani, imejaa. Hosiana aliutazama mkoba, akamtazama mtoto aliyepiga goti, akakumbuka mashavu ya bibi yake pale kwenye jiwe. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa yote bila kupumzika.

"Asante, mwanangu."

Walikaa barazani wakisubiri Josephina apande kutoka bondeni. Hosiana alimfundisha neno buluu, akalirudia naye mara nyingi, na kwa muda mfupi Mwaisha alilishika.

Kesho yake asubuhi, mjini, Hosiana aliichukua miwani yake juu ya meza ya kitanda. Ilikuwa ya buluu, buluu ya kupauka, ya mtu aliyeanza jana. Aliifuta kwa upindo wa kanga kwa mazoea tu, akaivaa. Alipopita mbele ya duka la Yogesh, Yogesh alimwona usoni, akachukua boksi la lenzi za plastiki akaliinua kidogo ili alione. Hosiana akatikisa kichwa kukataa, akamsalimia, akaendelea na safari.

Kwenye barabara ya kupandia mlimani alikutana na lori la betri. Lilikuwa la buluu, na dereva wake wa buluu, na milima iliyokuwa mbele yake ya buluu kuanzia chini hadi kileleni. Dereva alipiga honi kwa kuwa barabara ni nyembamba. Hosiana akapanda kwenye ukingo wa mtaro, akalipisha.